Mibuni ya Makaburini

Juzi kijana mmoja wa Simbo alikuja kwangu Kasingirima, hapa Ujiji, na tawi la nyanya amelifunga kwenye gazeti. Nyanya zilikuwa na madoa ya kahawia yaliyobonyea, kama mtu amepita akizigandamiza kwa dole gumba moja moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea mboga au msiba?"

"Zinaoza, mzee. Dawa napiga, zinaoza. Napiga tena, ndiyo kwanza zinazidi."

"Unatia kiasi gani?"

"Mwanzo nilikuwa natia kifuniko kimoja kwa pampu. Sasa hivi vitatu."

"Na msimu ujao?"

Akacheka. "Msimu ujao namimina chupa nzima, mzee, tujue moja."

Mimi sikucheka. Nilimwambia akae, nikamsimulia habari ya Kalinzi, kule milimani kwenye kahawa, na kwa kuwa ninyi vijana wengine hamji kunisalimia, nimeona niiandike. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, na kila tofali limetoka kwenye pampu ya mgongoni, kwa hiyo asinicheke mtu.

Kazi yangu ilikuwa kupiga dawa kahawa. Nimeifanya tangu ndevu hazijaota mpaka goti lilipokataa kupanda mlima. Aliyenifundisha ni Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji kabisa, babu zake walikuja na misafara wakaoa hapahapa. Kila msimu wa mvua alipanda Kalinzi na pipa lake. Dawa yake ilikuwa moja, mrututu, ile chumvi ya shaba, na chokaa. Mrututu ukiyeyuka unakuwa buluu, ukichanganya na chokaa unapata uji wa rangi ya mbingu. Ukipiga, mbuni mzima unabaki na madoa ya buluu wiki kadhaa, na mwenye shamba akipita anaona kwa macho yake kazi aliyolipia.

Mzee Ramadhani mwenyewe alikuwa buluu. Kucha, nyusi, kingo za kanzu. Akitawadha msikitini maji yalitoka ya buluu, watu wa nyuma yake wakagomba wakisema awe anatawadha wa mwisho. Yeye alijibu kwamba malaika watamtambua upesi.

Alinifundisha kupima dawa kwa kisu. Unachovya kisu kisafi kwenye pipa, unahesabu pumzi chache, unakitoa. Kikitoka na wekundu kama shaba, mrututu umezidi, utachoma majani, ongeza chokaa. Kikitoka cheupe kama kilivyoingia, piga. Alinifundisha pia kuionja kwa ulimi, na hilo msilifanye, kwa maana meno yake yaliisha kabla ya nywele.

Basi ikaja dawa mpya. Unga mweupe, laini, hauna rangi wala harufu ya kusema. Unatia kidogo tu kwenye maji, nayo inaingia ndani ya mmea. Ugonjwa uliokuwa ukitusumbua ni ule tunaouita chulebuni. Tunda bichi linapata doa jeusi, doa linazama, tunda linakauka tawini likiwa jeusi kama mkaa. Ni kuvu hiyo, ndogo kuliko vumbi, inasafiri na matone ya mvua. Mrututu uliizuia, lakini kwa kazi kubwa. Ule unga mweupe uliifuta. Msimu wa kwanza tulipita mashambani tukitafuta tunda jeusi hata moja tumwonyeshe bwana shamba, hatukupata. Watu walitoa sadaka kanisani kwa ajili ya unga ule.

Mzee Ramadhani peke yake aliukataa. "Dawa isiyoacha alama, nitajuaje nimepita wapi?" Akashuka Ujiji na pipa lake, hakupanda tena. Mimi niliona ni uzee. Kazi yote ya Kalinzi ikawa yangu, na nilihitaji mtu wa pili.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ninyi mmeikuta kwenye hadithi, sisi tuliiona barabarani. Watu walikuwa wakishuka kutoka mpakani Manyovu na magodoro vichwani, wengine wanavuka ziwa kwa mitumbwi, kambi zinajaa. Serikali ilitaka wakae kambini. Wenye mashamba walitaka mikono. Kwa hiyo mkimbizi alikaa kwenye shamba kwa idhini ya majirani tu. Siku jirani mmoja akimchoka, lori linakuja.

Butoyi aliletwa kwangu na Mzee Filimoni, mwenye shamba kubwa la kahawa pale juu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mikono ya mkulima wa kahawa kabisa, maana kwao Burundi ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Kinyarwanda, Kirundi na Kiha ni ndugu, alielewana na watu tangu siku ya kwanza. Shida ilikuwa jina.

Hapa kwetu hakuna asiyejua. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Ukikutana na Butoyi, unajua Bukuru yuko mahali. Kwa hiyo kila mtu alimuuliza, bila ubaya, kama mnavyoulizana habari za nyumbani.

"Bukuru wako yuko wapi?"

"Tuliingia mtoni pamoja," alikuwa akijibu, halafu anainua pampu anaondoka.

Hakuwahi kusema kama walitoka pamoja. Mama Skola, mjane mwenye shamba lililopakana na la Filimoni, alikuwa mtu wa mdomo, na ndiye aliyeanza. "Sasa huyo mwingine anamlaza wapi?" Watu wakacheka. Kicheko hicho hakikukaa muda mrefu.

Nitawaambia nilichosikia, mseme mnavyotaka. Pampu ya mgongoni ina mkono unaousukuma juu na chini, na inatoa mlio, kacha, kacha. Asubuhi Kalinzi mawingu hushuka mpaka chini, huoni mibuni mitatu mbele yako. Butoyi akiwa mstari wa juu, nilisikia pampu yake, kacha, kacha, na nyuma yake nyingine ikiitikia. Nilisema ni mwangwi wa bonde. Mwangwi upo Kalinzi, ukiita unaitikiwa. Lakini asubuhi moja nilimkuta amekaa chini anafunga kamba ya kiatu, pampu iko chini karibu naye, na ile nyingine bado inasikika mbele kwenye mawingu. Aliniangalia. Mimi nikamwambia afunge kiatu upesi, dawa inaganda chini.

Sikumwambia mtu. Lakini wachumaji nao walikuwa na masikio.

Sasa sikilizeni kuhusu makaburi, kwa maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kalinzi watu huzika nyumbani, shambani, katikati ya migomba na kahawa. Filimoni alikuwa na wazazi wake, mke wake wa kwanza na watoto wachanga wawili katikati ya shamba, na mibuni imeyazunguka makaburi hayo. Mpiga dawa hapigi pale. Hakuna aliyekuandikia, unajua tu. Humwagii marehemu sumu. Mzee Ramadhani alikuwa akifika pale anafunga mdomo wa pampu, anasema mawili matatu ya dua ingawa wale walikuwa Wakristo, anapita. Butoyi naye alifanya hivyo, kwao ni vilevile. Kwa Mama Skola pia palikuwa na makaburi, naye aliyaruka.

Msimu wa tatu au wa nne wa ule unga mweupe, doa jeusi likarudi. Kidogo. Mama Skola akapiga kelele kwamba Butoyi anapiga maji matupu, kwa kuwa majani hayana rangi.

"Wewe Mrundi, dawa yangu umeinywa?"

"Nimeipiga yote, mama."

"Iko wapi? Nionyeshe kwa kidole!"

Angemwonyesha nini? Ile dawa haionekani. Basi akaambiwa apige tena mbele ya macho yake, mpaka majani yachuruzike. Akapiga. Mvua ikanyesha, akaambiwa arudie. Filimoni naye akaona wivu, kwa nini kwa jirani kupigwe mara nyingi kuliko kwake, akataka hivyohivyo. Shamba kwa shamba ikawa ni mashindano ya nani amepigiwa zaidi, dawa ileile, wiki kwa wiki.

Nikashuka Ujiji kwa sababu mke wangu alikuwa anaumwa. Niliporudi niliingia shamba la Filimoni asubuhi, na nilisimama.

Lilikuwa kimya. Hakuna nyuki wala uzi wa buibui, hata wale mijusi wa kwenye shina hawakuwepo. Majani yalikuwa ya kijani, mazuri, yanang'aa. Lakini matunda yote yalikuwa meusi, yamekauka, na hayakuanguka. Upepo mdogo ukapita kutoka ziwani, yakagongana matawini, shamba zima likalia kama kayamba. Nilitembea ndani ya mlio huo mpaka katikati.

Pale makaburini mibuni ilikuwa imezaa. Madoa mawili matatu yalikuwepo, sikatai. Lakini matawi yaliinama kwa uzito, matunda mekundu yameanza, nyuki wanazunguka. Ukisimama kwenye kaburi la mama yake Filimoni ukageuka pande zote, unaona duara la uhai, na nje ya duara hilo kila tunda lililopigwa dawa limekufa.

Nikaenda kwa Mama Skola. Vilevile. Makaburini kumezaa, kwingine mkaa.

Watu hawakuhitaji kuelezwa. Marehemu wamelinda vyao, vya walio hai vimeliwa. Na nani aliyepita kila mti uliokauka matunda, na kuruka kila mti uliopona? Butoyi, na yule anayetembea nyuma yake. Mama Skola alisema wazi kwamba Bukuru hakuzikwa, hana kaburi, ana njaa, na mdogo wake amemleta kula Kalinzi.

Wakaitana kwenye uwanja wa Filimoni wa kuanikia buni, ambao mwaka ule haukuwa na cha kuanika. Butoyi alisimamishwa katikati. Vijana walikuwa na fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji alisema lori la kambini linaweza kuitwa kabla jua halijazama, na mmoja nyuma akasema lori la nini, bonde lipo.

Bwana shamba wetu alikuwepo, na alisema kweli yote. Alisema dawa ile inaiua kuvu kwa njia moja tu. Katika kuvu nyingi kunakuwa na chache zisizodhurika kwa njia hiyo. Ukipiga, nyingine zote zinakufa, zile chache zinabaki na shamba zima peke yao, zinazaana. Ukipiga tena dawa ileile unazifagilia uwanja. Na vilevile umeua vijidudu vizuri vinavyokaa kwenye gome, ambavyo vilikuwa vinagombana na kuvu hiyo na kuipunguza. Makaburini havikuuawa. Ndiyo maana kumezaa.

Maneno mazuri. Hakuna aliyeyasikia. Mzee mmoja alimuuliza kwa heshima kabisa, "Mwanangu, hao wadogo wasioonekana, na wanaokataa kufa, na wanaokula usiku na mchana, tofauti yao na tunachosema sisi ni nini?" Bwana shamba akakaa chini.

Mimi sikuwa nimekaa bure. Kabla ya mkutano nilivuka bonde hadi shamba la mwalimu mmoja mstaafu. Kule nilipiga dawa mimi, kwa mkono wangu, unga uleule. Butoyi hajawahi kukanyaga. Niliyoyakuta ndiyo yaleyale. Nikakata tawi jeusi, nikalileta, nikalitupa katikati ya uwanja.

"Hili ni la ng'ambo," nikasema. "Nimepiga mimi. Butoyi hakuwepo. Haya, mchawi ni mimi? Nifungeni."

Nilifikiri nimemaliza kesi. Mama Skola aliliokota lile tawi, akalitikisa likalia, akasema polepole, "Basi amekufuata wewe mpaka kule."

Wanaume wazima walirudi nyuma hatua, mbali na mimi. Nasema kweli, hata mimi nilitamani kugeuka niangalie nyuma yangu.

Nikamshika Butoyi mkono. "Twende Ujiji. Nina chumba. Hapa watakuua."

Akautoa mkono wake taratibu. "Mzee, nikiondoka leo nimeondoka na hilo jina la uchawi. Ujiji litanifikia kesho. Kambini litanikuta limeshafika." Halafu akamgeukia Filimoni, akaongea kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. "Baba, nipe mstari mmoja. Ule mbaya kuliko yote. Pampu sitagusa. Msimu ujao usipozaa, nitaondoka mwenyewe, msiite lori."

Filimoni alikuwa mtu mgumu, na alikuwa amepoteza zaidi ya wote. Akauliza, "Na huyo ndugu yako?"

"Yeye hajawahi kuwadai kitu."

Hakukana. Mkitaka kujua kwa nini vijana walishusha fimbo, nadhani ni hapo. Mtu anayeogopa angekana. Filimoni akampa mstari ulio chini kabisa, unaopakana na Mama Skola, ambako maji ya mvua yote hushukia na kuvu zake.

Alichofanya Butoyi ndicho ninachotaka mkishike, ninyi wenye vifuniko vitatu. Alichuma kila tunda jeusi kwa mkono. Ya juu, ya katikati, yaliyoanguka akayaokota kwenye majani makavu, maana tunda moja ukiliacha ni ghala la kuvu. Akayachoma kwenye shimo, moshi wake ukaning'inia bondeni na watu wakafunga milango. Akapogoa matawi ya ndani ili upepo upite na jani likauke mapema. Akapunguza migomba iliyokuwa inazuia jua. Mvua zilipokaribia nilishuka kwa Mzee Ramadhani, nikamuomba pipa. Akanipa bila kunisuta, ila alinipimia mrututu kwa mkono wake kana kwamba mimi mgeni. Nikaupiga mstari ule mwenyewe, ukawa buluu, kila mtu akauona kutoka barabarani. Bwana shamba aliniambia mrututu unaipiga kuvu sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni vigumu kuuzoea. Ule unga ulikuwa unabisha mlango mmoja tu, na kuvu ilishabadilisha kitasa. Ukitumia dawa kali, zungusha: leo hii, safari ijayo ya ukoo mwingine kabisa, siyo ya jina lingine tu. Muulize anayekuuzia ukoo wake, akikosa kujua, ondoka dukani. Na mganga wa zahanati amenieleza kwamba baadhi ya dawa hizi za shambani ni ndugu wa zile za hospitali za kutibu kuvu za watu. Kuvu iliyozoea nyanya yako inaweza kuingia kifuani mwako ikiwa imeshajua dawa ya daktari. Hilo linanitisha kuliko yote niliyoyasikia Kalinzi.

Asubuhi nilipokuwa nikipanda kumsaidia, nilimsikia akichuma kwenye mawingu. Tunda jeusi likivunjika tawini linatoa mlio mdogo, tak. Nilisikia tak upande huu wa mstari, na tak upande ule, kama mikono ya watu wawili, na kuna wakati nilisikia anaongea Kirundi kwa sauti ya chini, anacheka, ananyamaza kama anayesikiliza. Mimi nilikuwa nakohoa kwanza, kisha naingia.

Msimu ukafika. Mstari wa Butoyi haukufanya muujiza. Ulizaa kama nusu ya kahawa nzuri. Lakini matunda yalikuwa mekundu, na watu walikuja kuyaangalia wakisimama mbali, barabarani, kama wanaoangalia nyumba yenye maradhi. Hakuna mchumaji aliyekubali kuingia mle. Na kahawa haingoji. Ikiiva uichume, la sivyo inaanguka, na watu wawili hawawezi kuumaliza mstari ule kwa wakati. Ingeanguka, wangesema haukuzaa.

Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na goti langu lilikuwa limeanza ukaidi wake. Mawingu yalikuwa chini. Nikasikia mtu anasukuma migomba upande wa jirani. Mama Skola akatokea, kikapu kiunoni, kitambaa kimefungwa kwa nguvu kichwani kama mtu anayekwenda kuzika. Uso ulikuwa umekakamaa. Hakumsalimia mtu, na Kalinzi hiyo si kawaida.

Alisimama mwanzoni mwa mstari, akaangalia upande wa juu wa mibuni, akaangalia wa chini.

"Bukuru wako anachuma upande gani?" akauliza.

Butoyi aliacha kuchuma. Akanyoosha mkono. "Ule wa juu."

"Haya," akasema Mama Skola, akaweka kikapu chini. "Mimi nitaanza huku."